Tuonje Sisi Kwanza: Risala ya Wafanyakazi wa Bustani ya Michezo ya Ufuoni

Mgeni rasmi, Mama Lorna Waithira, mwenyekiti wa wenye bustani hii. Meneja wetu, Bwana Mathews. Wazazi na watoto wetu wa mtaa wa Obunga mliokwisha kupanga foleni:

KARIBU

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekungoja kwa hamu, Mama, na leo kwa wasiwasi pia, na hatutaficha lolote kati ya hayo mawili. Karibu pamoja na mjukuu wako Shantel. Tumemwona hawezi kutulia, anauliza gurudumu kubwa la viti litaanza kuzunguka lini. Jenereta tayari inanguruma, kwa hiyo tutasoma upesi.

TULIKOTOKA

Bustani hii ilianza na bembea za minyororo na treni ndogo ya watoto. Usalama wetu ulikuwa desturi moja tuliyoiita kuonja. Kila asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, tulipanda sisi wenyewe kila mashine, kama mama anavyoonja mchuzi kabla wageni hawajanawa mikono. Mkata tiketi, mfagiaji, fundi, wote tulionja. Mwenye tumbo jepesi alitapika na tukamcheka, lakini nati iliyolegea tuliijua kwa kuikalia.

Krismasi moja hatukuonja. Fabian, mwendeshaji wa bembea, alisema, "Yawa, jamani, hii kiti ya nyuma inalia. Wacha nipande kwanza." Mkubwa wa zamu akamjibu, "Watu wamejaa kwa geti. Utaonja kesho." Fabian aliona si adabu kuwakawiza wageni. Akawasha bembea, akamwachia mwenzake swichi, na kile kiti akakikalia mwenyewe ili mtoto asikipate. Mnyororo ukakatika. Leo anatembea kwa mkongojo na anauza karanga pale nje ya geti. Hakuna mtoto aliyeumia siku ile, na kila tukinunua karanga zake tunalikumbuka hilo.

TUNAYOJIVUNIA

Tangu hapo hatujafungua geti bila kuonja. Upepo wa ziwa ukianza kuvuma tunasimamisha mashine bila kuulizana. Shule zinatoka Katito, nyingine Port Victoria, kuja kwetu, na walimu husema mtoto akija hapa hurudi kwao mzima, ila nguo tu ndizo chafu. Tunajivunia maneno hayo kuliko rangi mpya ya geti.

CHANGAMOTO

Tuliombwa sehemu hii iwe fupi. Mtuwie radhi, haitakuwa.

Elsie wa treni aliwahi kuvuta breki kwa sababu mtoto alikuwa amefungua mkanda. Baba mmoja akafoka kwamba amepotezewa raha aliyoilipia, na Elsie akaambiwa akapumzike nyumbani. Amerudi, tunashukuru. Lakini sasa anasitasita kabla ya kuigusa breki ile, na sisi wengine tumeanza kusitasita vilevile. Hilo linatutisha kuliko kutu.

Lingine ni hili gurudumu jipya lililo nyuma yako, ulilokuja kulizindua leo. Mafundi walilizungusha likiwa tupu, wakaridhika, wakaondoka. Ni hili tu leo halijaonjwa. Wasike, mwendeshaji wake, alimwendea meneja: "Bwana Mathews, hii kitu hakuna mtu amepanda bado."

"Sasa Wasike, mgeni akalie kiti umekalia na ovaroli ya grisi? Hiyo ni madharau. Mama ndiye atapanda wa kwanza."

Tukatii. Bwana Mathews si mtu mbaya, alitaka kukuheshimu, na sisi pia tulitaka. Ndivyo tulivyolelewa: kiti kizuri ni cha mgeni, kipande kizuri ni cha mgeni. Ndiyo maana viti vile bado vimevaa nailoni zake. Lakini heshima si utumwa, na heshima hii imekuweka wewe na huyu mtoto mahali ambapo tungepaswa kuwa sisi. Hatusemi gurudumu ni bovu. Tunasema hatujui, na tunaogopa.

MAOMBI

Tunaomba mtu yeyote hapa, hata mfagiaji, akisema "simamisha", mashine isimame kwanza, maswali yafuate, na kazi yake isiguswe. Tunaomba Fabian arudishwe ndani ya geti awafundishe wanaoanza kazi, maana yeye akisema mnyororo, watamsikiliza.

Na ombi la sasa hivi, Mama: usikate utepe. Ufunguo wa swichi uko mfukoni mwa Wasike, na tumekubaliana sote kwamba hautoki mpaka utukubalie. Kama kuna wa kufukuzwa, tufukuzwe pamoja. Turuhusu tupande sisi, tujaze viti vyote, tuzunguke mpaka turidhike. Wewe mshike Shantel mkono, mtutazame mkiwa chini.

Tukishuka salama, kiti kizuri kitakuwa chenu. Mkikikuta kina grisi kidogo, mtusamehe. Mjue kuna mtu amekikalia kabla yenu.

Mungu akujalie maisha marefu, Mama, na kila mtoto aliyeingia kwa geti hili leo atoke kwa miguu yake.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Bustani ya Michezo ya Ufuoni, Kisumu.

Imesomwa na Metrine Nangila, mkata tiketi, ambaye akishaikunja karatasi hii anakwenda kuketi kwenye kiti cha kwanza.