Mchezaji wa Pili

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, dada mmoja mshonaji alikuwa amepakata gemu la zamani la kuchezea kwenye TV kama mimi nilivyompakata mwanangu.

"Dada, hilo gemu bovu," alisema jirani yake, fundi simu. "Mchezaji wa pili anakwama langoni. Toleo jipya wamelirekebisha."

"Najua. Ndiyo maana nimechukua hili."

"Basi wewe unapenda mateso."

"Utotoni, wa pili alikuwa kaka yangu. Akikwama, lazima nirudi nimguse ndipo atoke. Atanitukana, nitamcheka, lakini nitarudi." Akalifuta vumbi kwa kiganja. "Tuligombana kwenye msiba wa mama. Mpaka leo hatusemeshani. Nampelekea tucheze."

"Si ungempigia tu?"

"Fundi, umewahi kumpigia mtu uliyemnunia?"

Fundi, ambaye anaishi kwa simu za watu, akaanza kufuta kioo cha simu yake. Mimi pia nilijifanya namfunga mwanangu kofia.

"Na akifungua mlango, akakutazama tu?" fundi akauliza.

Basi likasimama kabla hajajibu. Dada akashuka, akasimama kando ya barabara na gemu lake kifuani, hajapiga hata hatua moja.

Fundi akafungua dirisha. "Dada! Akikwama mlangoni, mguse!"