Daftari la Ezron

Wasikilizaji wapendwa, kamwene. Na wewe uliye upande wa Mbeya, ugonile. Hapa ni Eveline. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, maana leo nitakushikilia. Tunamkumbuka Mwalimu Evarista Kikoti wa Ilula, aliyetutoka wiki mbili zilizopita akiwa na miaka sabini na mitatu.

Ukipita Ilula kwa basi, unawajua wale wauza nyanya wanaokimbilia dirishani. Nyumba ya Mwalimu iko nyuma yao, hatua chache kutoka kwenye lami. Shule iko ng'ambo. Hilo mlishike, wapendwa. Nyumba huku, shule kule, barabara kuu katikati.

Mwalimu alifundisha shule za msingi miaka thelathini na mitatu. Alipostaafu, binti yake Pendo, muuguzi wa Mbeya, alimletea wajukuu wanne: Goodness, Adrian, Ezron, na Frida aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Bibi alikuwa mkali. Waliosoma kwake wananisikia, na najua wengine wameshakaa vizuri kwenye viti.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Machi 2017. Bibi alikuwa amewavusha wajukuu, wamefika upande wa shule. Ezron, miaka minane, darasa la pili, akagundua kuwa amesahau daftari la hesabu. Bibi akamwambia, "Mwanafunzi bila daftari amekuja kufanya nini? Rudi ukalichukue." Ezron akarudi peke yake. Daftari alilichukua. Wakati anavuka tena, lori likamgonga, akafariki palepale. Daftari lilikutwa mkononi mwake, halijachanika hata ukurasa mmoja.

Kuanzia siku ile Bibi hakuivuka tena barabara ile. Wala hakuruhusu mjukuu aivuke. Alisema watasomea nyumbani.

Mtendaji wa kijiji alikuja. Akaja tena. Mwisho wakaelewana hivi: majina ya watoto yabaki shuleni, Mwalimu Rabson wa shule ile awaletee mitihani ya kila muhula nyumbani, na atakayefeli arudi darasani. Yaani avuke. Kwa hiyo katika nyumba ile, mtoto kufeli kulimaanisha barabara.

Sasa jaribu wewe kufundisha madarasa tofauti kwenye meza moja. Pendo alichapisha mtaala wa kusomea nyumbani alioupata mtandaoni, akautuma kwa basi. Somo la kwanza lilikuwa kutengeneza mtu wa theluji. Bibi akampigia simu. "Theluji tunaitoa wapi, Pendo? Kwenye mlima wa Kitonga?"

Akajaribu mtindo wa shule, kila mtoto na somo lake kwa wakati wake. Wiki tatu tu sauti ilikauka. Huyu anasoma sayansi, huyu anaimba jedwali, Frida analia. Ndipo akabadilisha. Jambo moja kwa wote, kila mmoja kwa kimo chake. Sado ya nyanya, ile ndoo ndogo ya kupimia, inawekwa mezani. Frida anahesabu. Adrian anagawanya kwa sehemu. Goodness anatafuta asilimia ya zilizooza. Kesho nyanya zilezile ni sayansi, keshokutwa ni insha. Madaftari aliyashona mwenyewe kwa uzi, kwa karatasi alizoletewa na mdogo wake aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi cha Mgololo.

Azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya kila mtoto, aliliandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Lilikuwa na safu nne. Watoto walio hai walikuwa watatu, wapendwa, lakini safu zilikuwa nne.

Kila Januari Ezron alipandishwa darasa. La tatu. La nne. Bibi alimchagulia vitabu, akamshonea daftari, akachonga penseli, akaviweka juu ya kigoda kati ya Adrian na Frida. Saa mbili asubuhi aliita majina. "Goodness." Nipo. "Adrian." Nipo. "Ezron." Hapo alinyamaza, muda uleule ambao mtoto angeutumia kuitika. Halafu, "Tuendelee."

Goodness sasa ni msichana wa miaka kumi na tisa. Aliniambia, "Dada Eveline, wenzetu wanaogopa usiku. Sisi tulikuwa tunaogopa saa mbili asubuhi."

Akaniambia na hili. Siku moja Bibi alikuwa shambani. Goodness akafungua daftari la Ezron, akitarajia kurasa tupu. Hesabu zilikuwa zimefanywa. Zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu, zimewekewa vema. Na ile saba ilikuwa na kistari katikati, kama Ezron alivyokuwa anaiandika. "Nilikimbia mpaka kwenye nyanya za jirani," alisema. "Sikumwambia mtu. Nilijua mdogo wangu anakuja." Miaka yote hiyo alilala na siri hiyo.

Goodness akamaliza la saba mwaka 2019, Adrian mwaka 2020. Siku za mtihani Mwalimu Rabson ndiye aliyewavusha, na Bibi alijifungia ndani mpaka waliporudi. Wote wawili walifaulu, wakaenda sekondari Mbeya kwa mama yao. Mwaka 2021 mlangoni zikabaki safu mbili. Frida, darasa la nne. Na Ezron, darasa la sita.

Juni mwaka huo Frida akafeli mtihani wa muhula. Alifeli vibaya. Mwalimu Rabson mwenyewe alishangaa, akataka kumrudishia mtihani. Bibi akakataa. Jumatatu ya Julai, muhula ulipofunguliwa, majirani walimwona amevaa kitenge cha kanisani, amemshika Frida mkono wa kulia, anavuka lami. Mara ya kwanza kwa miaka minne. Mwalimu Rabson alikuwa ng'ambo. Anasema mkono wa kushoto wa Bibi ulikuwa umekunjwa kidogo, kama umeshika mkono mwingine.

Watu wakasema mtoto kafeli, makubaliano ni makubaliano. Bibi hakueleza. Alifuta mlango, akayafungia madaftari yote kwenye tranka, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Wiki iliyopita ukoo ulikaa kuanua tanga. Tranka likafunguliwa. Pendo akatoa madaftari ya Ezron, mengi, yote yamejaa. Goodness akasogea mpaka mlangoni. Ndipo Frida, miaka kumi na mitatu, kidato cha kwanza, akasema, "Ni mimi."

Nilimwomba anieleze, na haya ni maneno yake. "Daftari la Ezron likibaki tupu, Bibi alikuwa hali chakula. Ugali unapoa, anaangalia tu kigoda. Nikaanza kumjazia. Mwanzoni nilinakili kwenye madaftari ya zamani ya Adrian, saba naiwekea kistari kama kwenye daftari la Ezron la zamani. Adrian alipoondoka na madaftari yake nikawa nafanya mwenyewe. Ya darasa la sita yalikuwa magumu. Ya kwangu nilikuwa sifiki."

Mtoto wa miaka tisa, wapendwa, anasoma madarasa mawili, la kwake na la marehemu.

Nikamuuliza kama Bibi alijua. Frida akasema hapana, Bibi hakuwahi kusema neno. Pendo akamwambia afungue daftari la mwisho, ukurasa wa mwisho. Kuna hesabu kumi za sehemu, zote zina vema. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa Bibi, tarehe ya wiki ile ya majibu ya mtihani: "Vizuri sana, Frida. Sasa inatosha. Jumatatu nitakuvusha."

Pendo, na wewe Goodness, Adrian, Frida, na ukoo wote wa Kikoti, poleni sana. Mungu awafariji. Nasi wengine, tukirudi kwenye vyungu vyetu, tuwatazame watoto mezani. Labda kuna mmoja anabeba msiba wetu kimyakimya ili sisi tule.

Frida aliniomba nisome majina hewani, kwa mpangilio ule wa asubuhi. Nimemwahidi. Goodness. Adrian. Ezron.

Frida.

Mwalimu Evarista, wote wameshavuka. Pumzika.