Bi Chujio na Mshono wa Tatu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani, na dada yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea haya, alikuwepo na alilisikia lile yowe. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1958, akamaliza wa pili darasani, na aliyekuwa wa kwanza aliketi naye dawati moja, lakini tuyaache hayo. Kilichomshinda ni kisu, kwani kuku akichinjwa yeye alianguka puu, kwa hiyo aliposema anakwenda kusomea uuguzi, mtaa mzima ulicheka mpaka machozi.

Alihitimu tarehe 14 Desemba 1973, akapangiwa chumba cha upasuaji, na tarehe 6 Oktoba 1979 akaolewa na mtaalamu wa dawa za usingizi, ambaye midomo ya watu ilisema alimlaza hata yeye, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 3 Machi 1997 aliletwa mtoto wa miaka saba, ubavuni ana mishono miwili ya mawe ya figo yaliyotolewa yakarudi, figo inayofanya kazi imebaki moja, na njia yake ya mkojo imezibwa na jiwe jingine. Daktari mkubwa akasema apasuliwe tena. Marehemu akakunja mikono.

“Daktari, ule mrija mwembamba wenye kamera una miezi mitano kabatini, unatunzwa kama bibi harusi. Ulikwenda kuusomea ya nini?”

“Nikimtoboa je, dada?”

“Na ukimpasua je? Figo ni moja hiyo!”

Daktari akavua glavu, akaomba ufunguo wa kabati. Mrija ukapitishwa panapotokea mkojo, pasipo kukatwa popote, mwale wa leza ukalivunjavunja jiwe, ikabaki kungoja vipande vitoke. Marehemu akaleta chujio la chai kutoka jikoni kwake, kila mkojo wa mtoto ukapita humo, na mumewe akanywa chai yenye majani siku tatu bila kuambiwa sababu. Asubuhi ya tatu chujio likalia ti, ti, ti, chembe tano, picha ikaonyesha njia iko wazi, na wodi nzima ikashangilia. Jina la Bi Chujio lilianzia hapo, na hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, watoto mia nne na kumi na wawili walikuwa wamepita mikononi mwake.

Agosti 2022 moyo ulianza kumsumbua, madaktari wakataja upasuaji, akawauliza kama hawana mrija, wakaupitisha mkononi, akapata mwaka na nusu wa kutusengenya. Alifariki tarehe 11 Februari 2024, saa moja asubuhi, akiwa hana mshono hata mmoja mwilini.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi wenzake na majirani, na zaidi ya wote seremala aliyelitengeneza jeneza hili akakataa malipo, yule pale mrefu, ana mishono miwili ubavuni, wa tatu hana.

Chujio limerudi wodini, wewe pumzika kwa amani, mdogo wangu, visu tumevificha.