Ufunguo wa Kabati la Namba Zilizofichwa

Miaka thelathini na mitatu na miezi minne: huo ndio utumishi wa msimamizi wa kumbukumbu za vipimo wa taasisi yetu, ambaye sote tunamwita Mama Kabati. Ijumaa ijayo, tarehe thelathini Juni, ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Kamati ya jarida la wafanyakazi imeniomba niandike wasifu wake, nami nimekubali kwa sharti la kuruhusiwa kutetea dai moja. Dai lenyewe ni hili: katika muda wote huo Mama Kabati amekosea mara moja tu, nayo ni mwezi uliopita, alipomkabidhi mwenzangu wa Idara ya Maji ufunguo wa kabati badala ya kunikabidhi mimi.

Kwa wageni wetu, kwanza nieleze kabati. Ni la chuma, la kijivu, lina kufuli mbili za ufunguo mmoja, na limesimama nyuma ya dirisha la kupokelea vipimo, chumba namba nane. Kila namba inayoingia katika taasisi hii, iwe ya udongo kutoka mashambani, ya wagonjwa kutoka zahanati, ya kina cha mto au ya nyufa za madaraja, hupita kwanza mikononi mwake. Sehemu nne kati ya tano humpa mtafiti akaunde modeli yake, yaani hesabu za kutabiri kitakachotokea. Sehemu ya tano huifungia. Mtafiti haioni mpaka modeli ikamilike, utabiri wake uandikwe kwa wino na utiwe saini. Hapo ndipo kufuli hufunguliwa, na utabiri huwekwa kando ya vipimo halisi, mstari kwa mstari.

Sehemu hiyo ya tano haichaguliwi na mtu. Mume wake ni fundi cherehani, na kutoka kwake Mama Kabati alipata kopo la vifungo vya nguo, vinne vya buluu na kimoja cheupe. Kwa kila mstari wa namba alitikisa kopo na kuchomoa kifungo bila kutazama; kilipotoka cheupe, mstari ule uliingia kabatini. Tulipopata kompyuta ya kuifanya kazi hiyo kwa sekunde moja, aliipokea vizuri, ila wiki nzima ya kwanza alitikisa kopo sambamba nayo, aone kama mashine haina upendeleo.

Aliajiriwa akiwa karani wa kupiga chapa. Katika mwaka wake wa nne, mtaalamu mmoja wa udongo aliwasilisha kikaoni fomula ya mavuno ya maharage iliyolingana na rekodi za miaka kumi na miwili karibu gunia kwa gunia. Karani aliyelipiga chapa jedwali lile akanyoosha mkono: "Samahani, Daktari, hii fomula imeshawahi kukutana na namba isiyoifahamu?" Kikao kizima kilicheka. Msimu uliofuata fomula ilitabiri magunia mia sita, yakapatikana mia tatu na kumi. Daktari, kwa heshima yake, ndiye aliyekwenda bohari kumwombea karani yule kabati.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, si kufunga kufuli. Sisi wenye shahada tunajifungia kila mmoja katika idara yake. Yeye peke yake alitazama makosa yetu sote kwa pamoja. Mwaka mmoja aligundua kwamba modeli ya homa iliyoundwa na madaktari na ile ya mitikisiko ya madaraja iliyoundwa na wahandisi zilishindwa kwa namna ileile: siku za kawaida zilipatia, siku za kupindukia zikapotea njia. Akamwandikia mhandisi barua ya kumpeleka kwa daktari, kama anavyopelekwa mgonjwa. Walipokutana wakabaini kwamba wote wawili walikuwa wakizitupa namba kubwa mno kwa kudhani ni makosa ya vipimo, ilhali hizo ndizo zilizobeba habari yenyewe. "Mnaumwa ugonjwa mmoja," aliwaambia, "ila kila mtu anauugulia kwenye kitanda chake." Kanuni waliyoiandika baada ya hapo inatumika hadi leo katika idara zote saba.

Hata nyumbani hana likizo. Mumewe alitusimulia kwamba kila asubuhi yeye hutabiri mvua akinywa chai, na mkewe huandika matokeo kwenye kalenda ya ukutani. "Nimepatia mara sita katika kumi," alisema fundi, "lakini mama huyu anazikumbuka zile nne tu."

Mimi nilifika miaka mitatu iliyopita nikiwa na shahada ya daraja la kwanza na modeli ya joto la ghala la mbegu. Ili kuokoa muda, nilichukua rekodi nzima moja kwa moja kwa mtunza ghala, kabla haijafika dirishani, nikaitumia yote kuiweka modeli sawa. Kabati lilipofunguliwa, nilipatia kila siku, na kila siku kwa tofauti ya chini ya nusu nyuzi. Nilikuwa nimeanza kupokea pongezi. Mama Kabati akavaa miwani, akafungua daftari lake la maradhi ya vifaa, akasema taratibu: "Mwanangu, tarehe kumi na tisa kipimajoto kiliishiwa betri. Siku nne kilisoma nyuzi kumi na moja, na ghala lilikuwa na ishirini na saba. Modeli yako nayo imesema kumi na moja. Hongera, umetabiri betri." Tangu siku hiyo jina langu kantini ni Betri, na hakuna asubuhi ninayopita bila kuulizwa kama nimechajiwa.

Nilijifunza. Sijarudia. Modeli kumi na moja kati ya kumi na mbili nilizompelekea baadaye zimepita. Niliandika pia mwongozo wa kurasa arobaini unaoeleza kila hatua ya kabati, alioupokea kwa maneno haya: "Umeandika vizuri sana, mwanangu." Mwezi uliopita aliukabidhi kwa mwenzangu pamoja na ufunguo.

Nakiri wivu, kwa sababu msomaji angeuona hata nisipoutaja. Mwenzangu ana stashahada, amefika mwaka mmoja baada yangu, na kati ya modeli zake tano za kimo cha mto, nne zimeshindwa. Sasa ufunguo unaning'inia kwenye kamba ya kitambulisho chake, na kiti cha pili cha chumba namba nane, nilichokikalia mimi kila Jumatano mchana, ni chake.

Hoja ya upande wa pili naijua, na mtu muungwana huieleza kabla hajaelezwa. Kila modeli yake iliposhindwa, aliibandika kwenye ubao wa kantini: tarehe, utabiri, kipimo, tofauti, na neno "Imeshindwa" kwa herufi kubwa. Mara ya nne dereva wetu alimwambia, "Dada, si ungeyaficha haya kama wenzako?" Akajibu, "Nikiyaficha, kaka, nani atanionyesha nilipokosea?" Dereva akaisoma karatasi kwa mara ya pili, kisha akamweleza kwamba nguzo ya kupimia maji kule juu ya mto imeinama tangu lori liigonge. Modeli ya tano ikapita. Mimi ile moja iliyonishinda niliichukua dirishani, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Basi naiweka hapa, mbele ya wasomaji wote. Ilikuwa modeli ya unyevu wa mbegu, tarehe nane Machi. Nilitabiri asilimia kumi na mbili. Kipimo kikawa asilimia kumi na tisa. Imeshindwa.

Kwa niaba ya idara zote saba, tunamshukuru Mama Kabati kwa kutulinda dhidi ya furaha zetu za haraka, kwa daftari lililokumbuka kila kifaa kilichougua, na kwa subira aliyowapa wenye vyeo na wasio navyo kwa kipimo kimoja. Tunamwombea afya njema, macho yasiyochoka, na miaka mingi ya kukaa na fundi wake bila kusubiriwa dirishani na mtu yeyote.

Dai langu linabaki palepale, na kwa hiyo namalizia kwa kumwelekea yeye mwenyewe. Mama, katika miaka thelathini na mitatu hujamkatalia mtu kazi yake bila kumwonyesha vipimo ulivyoipima navyo. Mimi sijaonyeshwa vyangu. Ijumaa utakapopewa nafasi ya kusema, nakuomba usinivute pembeni kunieleza kwa upole. Simama ukumbini, wenzangu wote wakiwa wamekaa, uwaeleze ulinipima kwa lipi na nikapungua kiasi gani.