Dinah Wakesho Mwadime, 1956–2025: Aliyetufundisha Kula

Dinah Wakesho alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kijijini Mgange, kwenye milima ya Taita, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Solomon Mghendi na mama Christine Mkamburi, ambao wote wawili wametangulia. Nyumba yao haikukosa watu. Kulikuwa na shangazi wawili, binamu waliokuja kusoma wakasahau kurudi kwao, na wageni wa kanisa ambao hawakuaga kabla ya chakula. Kimanga kilipondwa, maharagwe na mihogo pamoja, watoto wakazunguka chungu kimoja, na aliyechelewa aliachiwa ukoko. Dinah alikuwa akisema kwamba mara ya kwanza kula peke yake alikuwa tayari msichana mkubwa, na chakula kilimshinda ingawa alikuwa na njaa.

Alianza shule ya msingi pale pale Mgange mwaka 1963, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne mwaka 1974. Somo lake lilikuwa sayansi ya nyumbani, ambalo wenzake walilichukulia kama ruhusa ya kuonja mandazi. Yeye alitaka kujua kwa nini andazi la jana halina ladha ya andazi la leo, na aliuliza mpaka mwalimu akachoka. Baada ya kukaa nyumbani akimsaidia mama shambani, alipata nafasi ya chuo Nairobi, akahitimu diploma ya lishe mwaka 1979.

Januari 1980 aliajiriwa kuwa afisa wa lishe, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Taveta. Alizunguka Bomeni na Mahoo akipima watoto uzito na kuzungumza na mama zao, na huko ndiko alikobuni somo lake la ndizi. Alikata ndizi mbivu vipande viwili, kimoja akakipaka maji ya ndimu, kingine akakiacha wazi, kisha akaendelea na mizani yake. Akimaliza, kile kilichoachwa kilikuwa kimegeuka kahawia, na cha ndimu bado kilikuwa cheupe. Hapo alieleza kwamba hewa hii hii inayotuweka hai pia hula vitu polepole, hula chuma, hula ndizi, na mwilini mwetu huzaa chembe chokozi zisizoweza kukaa kwa amani na majirani zake. Mboga za kijani, papai, nyanya, maharagwe mekundu na matunda yenye rangi yana vitu vya kuzituliza chembe hizo, na vitu hivyo huitwa antioksidanti. Siku moja huko Mahoo aligeuka kuchukua vipande vyake akakuta mtoto wa mtu ameshakula vyote viwili, na akina mama wote mle ndani walicheka hadi kazi ikasimama. Dinah alisema somo limeingia tumboni bila kupitia masikioni, akaomba ndizi nyingine.

Alihamishiwa Voi mwaka 1988, na hapo alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2016. Wengi tuliopo hapa tumepita mikononi mwake, na wengi tumekaripiwa. Alikuwa na tabia ya kufunua sufuria za watu, hilo lisemwe tu. Kwenye harusi, wenzake wakikaa hemani kungoja bibi harusi, yeye alizunguka nyuma kwenye mafiga. Akikuta mnavu umechemshwa, maji yakamwagwa, ukachemshwa tena na kutiwa magadi ili ubaki kijani, aliuliza kwa upole ni nini hasa kilichobaki cha kula. Uzuri mwingi wa mboga ile, alisema, umekwenda na maji na mwingine umeuawa na moto. Hakuwa na kiburi. Alipenda watu, na hakujua njia nyingine ya kuwaonyesha. Lakini mpishi aliyeamka alfajiri hapendi kuulizwa swali kama hilo, na wanawake wakajifunza kumtuma mbali, akalete vijiko au aketi na wazee.

Tarehe 21 Agosti 1982 alifunga ndoa na Elijah Mwadime, fundi wa reli, mtu mcheshi aliyependa nyama na ugali na aliyekuwa akimtangaza mkewe kila alikokwenda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Austin na Wendy, na nyumba yao ya mtaa wa Kaloleni, Voi, ikawa na kelele kama ile ya Mgange. Mwaka 2004 redio moja ya mtaani ilimpa Dinah kipindi cha Jumamosi asubuhi. Hapo ndipo lile neno refu, antioksidanti, lilipovuka kuta za kliniki. Watu walilipenda. Walilitamka sokoni, walilitamka vioskini, na Elijah alilitamka kuliko wote, akilikatakata vipande ili lisimteleze. Dinah alifurahi kusikia somo lake midomoni mwa watu, na furaha hiyo aliijutia baadaye.

Elijah alikuwa na presha ya muda mrefu na vidonge vyake vya hospitali vya kila siku. Mwishoni mwa mwaka 2011 alipita mchuuzi wa makopo akiuza tembe za kusafisha mwili, na juu ya kopo neno la Dinah lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Elijah hakumwuliza mkewe, kwa kuwa aliona ameshajibiwa. Alianza kuzimeza tembe hizo na kuviacha vile vidonge vya presha, akafanya siri kwa sababu alitaka siku moja amwambie kwamba amepona kwa mafundisho yake. Juni 2012 alipigwa na kiharusi. Pale wodini daktari aliuliza anatumia dawa gani, Dinah akataja vile vidonge, na Elijah, mdomo ukiwa umevutwa upande mmoja, akamkatiza.

"Nilikunywa zile zako," alisema.

Dinah alimwambia hana dawa yoyote, yeye ni mtu wa mboga. Elijah akamtuma Austin alete mfuko wake wa kazi, na kopo likatoka humo.

"Neno ni lako, Mama Austin," akasema. "Nilikuwa nakusikiza."

Alifariki tarehe 2 Julai 2012. Dinah hakulia pale wodini. Alikaa na lile kopo mapajani, akisoma maandishi yake kuanzia juu hadi chini na kurudia, hadi Wendy akamnyang'anya.

Kuanzia hapo mafundisho yake yalibadilika, na baadhi ya watu hawakumsamehe. Redioni alisema wazi kwamba mboga hulinda mwili lakini haziondoi ugonjwa ulioshaingia. Alisema kinachopatikana katika sahani ya mnavu na papai hakijawahi kuthibitika kupatikana vile vile katika tembe, na kwamba wavutaji sigara waliojaribiwa kwa dozi kubwa za tembe za aina fulani walipata madhara zaidi ya wenzao. Alisema mgonjwa asiache dawa ya hospitali kwa sababu ya neno zuri, hata kama neno hilo amelisikia kwake. Wauza makopo walikuwa wametapakaa mjini wakati huo na baadhi yao walilipia matangazo katika redio ile ile. Dinah akaombwa apunguze makali. Alikataa, na mwaka 2014 kipindi kikapewa mtu mwingine. Walioanza kunywa tembe kwa sababu yake sasa walisema amegeuka. Wengine walisema kifo cha mume kimemwathiri kichwa. Hakuwajibu, ila alikoma kufunua sufuria za watu, na ambao zamani walimtuma vijiko walianza kujiuliza kimya hicho kimetoka wapi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya upweke, na hakuna haja ya kuipaka rangi. Austin alipata kazi Doha, Wendy akaolewa Nakuru. Dinah alistaafu, akawa anapika chakula kizuri chenye rangi zote alizowafundisha wengine, na anakila peke yake mbele ya televisheni isiyo na sauti. Mara kwa mara alipika kingi kupita kiasi kisha akakosa wa kumpelekea. Majirani walimheshimu mno, na kwa heshima hiyo hawakuingia kwake wakati wa chakula, kwa maana nani angetaka kutafuna mbele ya afisa wa lishe. Akialikwa mahali, watu waliificha soda chini ya meza. Watoto wake walimpenda na walimpigia simu kila Jumapili, na kama alivyowalea, swali lao la kwanza lilikuwa amekula nini. Aliwajibu kwa usahihi, mboga hadi tunda. Jumapili moja mwaka 2023 Wendy alimwuliza kama kawaida, na Dinah hakutaja mboga.

"Mwanangu, kila siku waniuliza nimekula nini," akasema. "Siku moja niulize nimekula na nani."

 Wendy alimwomba mama yake ahamie Nakuru, na Dinah akasema baridi ya kule haiwezi.

Machi 2024, baada ya kupungua uzito na kutapika, alipatikana na saratani ya tumbo. Alitibiwa Mombasa, akarudishwa Kaloleni kati ya dozi moja na nyingine. Habari zilipoenea, watu walishangaa kwa sauti. Mtu aliyekula mboga vile maisha yake yote, waliuliza, ugonjwa umepitia wapi? Wako waliopata faraja humo na kurudi kwa chipsi zao kwa amani. Lakini wengi walikuja kwa upendo, na kila mmoja alishika kitu. Walileta majani ya mstafeli, unga wa mlonge, juisi ya biti, asali ya msituni na makopo, makopo mengi, mengine yakiwa na neno lile lile. Walieleza namna ya kutumia, wakaomba, wakasema wasimchoshe mgonjwa, wakaondoka. Alimshukuru kila mmoja na hakumkosoa yeyote. Kabati la jikoni lilijaa, na viti vya sebuleni vilibaki wazi.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Kavinya, mjane, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. Walikuwa wamesalimiana juu ya ua kwa miaka tisa na hawakuwahi kupita hapo. Juni 2024 gesi ya Kavinya iliisha muthokoi ukiwa nusu ya kuiva, akabisha hodi na sufuria yake mkononi kuomba jiko. Dinah alimkaribisha. Muthokoi, kwa wasioujua, ni mahindi yaliyokobolewa ganda na kupikwa na maharagwe, na Dinah kwa miaka thelathini alikuwa amewahubiria watu kwamba ganda ndilo lenye faida. Wakakaa kungoja uive. Ulipoiva, Kavinya alisimama na mwiko, akasita.

"Mama Austin, haya mahindi nimeyakoboa," akasema.

"Naona."

"Na magadi nimetia."

"Nimesikia harufu. Pakua, Kavinya, tule."

Alikula vijiko vichache tu, tumbo halikuruhusu zaidi. Lakini alimwambia Wendy kwenye simu siku ile kwamba ameshiba, na Wendy anasema hakuwa ameisikia sauti hiyo ya mama yake tangu baba afariki. Kavinya alirudi kesho yake, gesi ikiwa imeshanunuliwa. Akawa anakuja kila jioni na sahani yake, awe amepika cha maana au la, na anakula pale mgonjwa anapomwona. Siku ambazo Dinah hakuweza kumeza kitu, Kavinya alikula peke yake mbele yake bila kuomba radhi, na Dinah alipenda hivyo. Walizungumza juu ya nguo za shule, bei ya nyanya, waume zao. Lishe haikutajwa.

Wendy alikuja kumwuguza mwezi wa Desemba. Katika siku zile marehemu aliagiza mambo mawili ya kusemwa leo. La kwanza, asije mtu akasema mboga zilimdanganya. Alisema zilimpa miaka mingi ya nguvu, na kwamba hakuna sahani iliyoahidi mtu kutokufa, aliyeahidi hivyo alikuwa muuzaji. La pili lilihusu orodha ya aliowaacha iliyo hapa chini, na Austin alipoliona alipiga simu kutoka Doha kuuliza kama halijakosewa. Halikukosewa. Dinah Wakesho alifariki nyumbani kwake Kaloleni jioni ya tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Kavinya alikuwa kitini pake, na sahani ilikuwa bado mkononi.

Marehemu ameacha mwana wake Austin, binti yake Wendy na mkwewe Jared, wajukuu wanne, kaka yake Zephaniah wa Mgange, wapwa na binamu wengi. Na kwa agizo lake mwenyewe, jina hili liandikwe pamoja na ya watoto wake na si pamoja na ya majirani: ameacha pia Kavinya, ambaye hakumletea dawa yoyote.

Mungu ampumzishe Dinah wetu, na huko alikokwenda amkalishe penye watu.