Kijiti cha Jumatatu: Maisha ya Bwana Miti

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, poleni na asanteni, haya mtakayoyasikia nimeyasema mimi, mama yake mzazi, na kwa kuwa shule sikuiona, mjukuu wangu mkubwa, binti wa marehemu, ameyaandika kama nilivyoyatamka na ndiye anayewasomea, nami nimemwambia akifika mahali machozi yakamzidi asimame apumue, hatuna haraka, na tunayemsindikiza hana haraka tena.

Marehemu, ambaye mji mzima mlimwita Bwana Miti hadi mimi mwenyewe nikazoea, alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 14 Machi 1962, katika chumba cha nyuma cha nyumba hiihii, akiwa mtoto wangu wa kwanza, mkunga akamtazama akasema, "Huyu na miguu hii, mama, huyu hatakaa ndani," na kweli hakukaa, alipojua tu kutembea ikawa kila siku namfuata bondeni kwenye chemchemi, ambako wakati ule maji yalitoka ardhini yenyewe, ya baridi, mwaka mzima, nasi kina mama tukipanga foleni na ndoo zetu na umbea wetu.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1970 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza darasa la saba mwaka 1976, na sitawadanganya kwamba alikuwa wa kwanza, maana mwalimu wake wa hesabu aliniita akaniambia, "Mama, mwanao akili anazo, ila anafika na tope hadi magotini, na mfukoni ana chura," nikamjibu, "Mwalimu, chura nitamtoa mimi, akili shughulika nazo wewe." Mwaka 1981 alikwenda chuo cha misitu, akakaa miaka miwili, akarudi na cheti kimoja na buti zilizomzidi mguu.

Tarehe 1 Julai 1983 aliajiriwa na baraza la mji kama mfyekaji katika hifadhi ya mji, zile eka mia mbili na kumi za umma zinazoanzia nyuma ya soko hadi ukuta wa shule ya ufundi, na mwezi Machi 1987 akafanywa msimamizi wake, wakati huo pakiwa pahali pa kutupa taka na kuchimba mchanga, na kila aliyepakana napo akisogeza kigingi cha mpaka hatua moja kila msimu wa mvua. Alivitafuta vigingi vyote kwa miguu akavipaka chokaa, akafungua njia za kupita watoto wa shule, akaweka mabenchi, na fundi baiskeli, ambaye yuko hapa na atanisamehe, alipomwambia, "Bwana Miti, hiki kigingi kimesogea chenyewe," alimjibu, "Basi kiambie kirudi chenyewe kabla ya saa kumi, mimi nakingoja," akaketi juu ya jiwe akafungua chakula chake, na saa tisa na nusu kigingi kikarudi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Agosti 1988 na mkwe wangu huyu aliyeketi hapa, fundi cherehani, ambaye shangazi zake walimkanya wakisema anaolewa na mtu wa porini, naye akawaambia, "Afadhali porini, najua pa kumpata," na walijaliwa watoto watatu, binti anayesoma mbele yenu, aliyezaliwa mwaka 1990, mwana wa kiume mwaka 1993, ambaye ni dereva wa lori, na kitinda mimba mwaka 1997, ambaye ni muuguzi, na katika miaka yote thelathini na nne ya ndoa yao sikuwahi kusikia sauti ya ugomvi ikivuka ukuta, isipokuwa habari ya buti kuingizwa sebuleni.

Sasa nafika mahali ambapo yeye mwenyewe aliniagiza, "Mama, siku hiyo usiparuke." Mwezi Aprili 1989, baraza likilalamikia mbu wa kinamasi, mwanangu alipanda mikaratusi elfu moja na mia nne kuizunguka chemchemi, hakuna aliyemlazimisha, aliipanda kwa mikono yake na kwa furaha, ikakua haraka kuliko watoto wake, mbu wakapungua, na mji ukampa cheti chenye fremu kikatundikwa sebuleni, nami nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Mwaka hadi mwaka foleni yetu ya ndoo ikarefuka, maji yakawa ya kukinga kwa kikombe, na mwezi Agosti 2001 chemchemi ikafumba jicho, tukaanza kupanda kilima na ndoo kutafuta bomba. Nikamwambia mezani mbele ya mkewe, "Mwanangu, miti yako inakunywa maji yetu." Aliweka kijiko chini, akakaa siku nne bila kunisemesha, na siku ya tano, Jumatatu, alikuja na kijiti alichokichonga na kukikata alama saba kwa kisu, akasimama mlangoni, buti zake safi kabisa, akasema, "Mama, nimekitia jicho zima la chemchemi. Kimetoka kikavu. Ni kweli." Cheti hakukitupa, alikigeuza kikatazama ukuta, na hadi leo mkiingia mle ndani mtakikuta kimewapa mgongo.

Tangu Jumatatu ile, kila Jumatatu saa moja asubuhi, kwa zaidi ya miaka ishirini na moja, alikichomeka kijiti kile katika jicho la chemchemi akaandika katika daftari kimelowa hadi alama ya ngapi, na madaftari hayo ni tisa, mjukuu wangu ameyafungua yote akaniambia, "Bibi, kurasa nzima neno ni moja tu, kavu, kavu, kavu." Aliliomba baraza ruhusa ya kuikata mikaratusi, wakamcheka kwa miaka kumi, "Cheti tulikupa kwa kupanda, leo tukupe kingine kwa kukata?" hata mwaka 2011 wakamruhusu isiyozidi mia na ishirini kwa mwaka, akaianza kwa shoka, na nyie msiojua, mkaratusi ukiukata hujaumaliza, unachipua, lazima ubambue magome ya kisiki na kurudi kila mwezi kuvunja machipukizi, la sivyo umeondoa mti mmoja ukapata mitatu, kisha akapanda mikuyu na matete mahali pake. Sokoni wakamwita Bwana Shoka, wakasema anajinufaisha kwa mbao, na mimi nikamlaumu kwamba hata ukuni mmoja hauletwi jikoni kwangu, akanijibu, "Mama, moshi ukionekana kwako watasema nimekata kwa ajili ya sufuria yako."

Alistaafu tarehe 31 Machi 2022, akiwa ameikata elfu moja na mia mbili themanini na minane, ikabaki mia na kumi na miwili, ile iliyosimama juu ya jicho lenyewe, inayoyapa mabenchi kivuli, ambayo baraza lilikataa isiguswe kwa sababu wageni wanapenda kupiga picha hapo. Mwezi Januari mwaka huu aliandika barua ya mwisho kuomba ruhusa ya kuikata, na barua hiyo haijajibiwa.

Kuugua kwake kulianza mwezi Septemba 2021 kwa kuvimba miguu, ile miguu aliyoisema mkunga, na hospitalini wakasema ni figo, akawa anakwenda kwenye mashine mara mbili kwa wiki, na daktari akampimia maji ya kunywa vikombe viwili kwa siku basi, naye aliyahesabu funda kwa funda, akinitania, "Unaona, Mama, nimekuwa kama bonde lako." Tangu Machi mwaka huu bondeni hakuweza kushuka tena, ikawa mjukuu wangu anakwenda na kijiti kila Jumatatu na kukirudisha kitandani, kikiwa kikavu, naye akitikisa kichwa na kumwambia aandike. Tarehe 15 Mei mimi nilishindwa, nilimngoja mjukuu mlangoni, nikampokonya kijiti, nikakichovya kwenye ndoo ya jikoni hadi alama ya pili, nikampelekea baba yake mimi mwenyewe nikisema, "Haya, tazama." Alikipokea, akakitazama sana, akakinusa, akakipitishia kidole, akaniambia taratibu, "Mama, haya ya bomba. Ya chemchemi yangeacha tope," kisha akacheka hadi akakohoa, akanishika mkono, na mjukuu akaandika kavu. Hakunikasirikia, na hilo ndilo linaloniuma.

Alifariki dunia Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, katika wodi ya wanaume, mkewe akiwa upande wa dirisha na mimi upande wa mlango, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na hakuliona tone.

Jana ilikuwa Jumatatu. Msiba au si msiba, mjukuu wangu alivaa buti za baba yake akashuka bondeni saa moja, akarudi, akanipa kijiti, na ncha yake, chini ya alama ya kwanza kabisa, upana wa kidole changu, ilikuwa na tope. Si maji, ni tope, na wengine mtasema ni ile mvua ya Jumamosi, huenda, mimi sijui, yeye angejua. Nimekataa kisifutwe, kiko juu ya jeneza, mtakapopita kumuaga mtakiona, kitazameni lakini msikiguse, na afisa ardhi wa baraza, ambaye jana kwenye viti aliniambia, "Mama, ile barua tutaiangalia," nakuomba mwanangu upite wa kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, ambao walimpimia maji bila kumpimia upole, tunawashukuru majirani mliotuchotea na kutupikia tangu Ijumaa, na wafyekaji wenzake mliokuja na mapanga mkafikiri ni aibu mkayaficha nyuma ya choo, yaleteni mbele, ndiyo mavazi aliyowazoea nayo. Nakushukuru mkwe wangu kwa kumtunza, na wewe mjukuu, umesoma vizuri, kunja karatasi sasa.

Mwanangu, ulikosea ukasema umekosea, wengi tunaondoka bila kulisema hilo, lala sasa, pumzika kwa amani, Jumatatu tutakwenda sisi.