Bi. Tusekile na Seli Zinazotembea

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara ya hospitali yetu, Bi. Tusekile Jafeti anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alikuja Sumbawanga kutoka Tukuyu akiwa binti mwembamba, akidhani atakaa miaka miwili tu.

Kazi yake ilikuwa kusoma damu, naye aliisoma kama mtu anayeota. Asubuhi za baridi aliweka tone la damu kwenye kioo, akakipasha moto kwa viganja, kisha akainamia darubini hadi chai yake ikapoa. Joto likikolea, seli nyeupe zilianza kujikokota taratibu, na yeye akatabasamu peke yake. Alitufundisha kwamba penye kidonda mwili hutoa ishara, na seli hizo huzifuata hatua kwa hatua. Zikifika humwaga vimeng'enya vya kuyeyusha vijidudu, na vikizidi huyeyusha hata nyama yetu wenyewe. Ndiyo maana panavimba na kuwaka moto. Wagonjwa kutoka kata ya Kasense walimwelewa upesi alipowakumbusha jinsi kimea cha ulezi kinavyolainisha uji mzito.

Mengine alisahau. Jumapili moja aliimba kwaya ibada nzima akiwa na koti la maabara, na tulimtania mwezi mzima.

Mwaka 2019 aliletwa Coleta, mkulima wa Mollo, mguu umevimba kuanzia goti hadi vidoleni. Mashine ilihesabu seli nyeupe chache, ilhali kwa kawaida maambukizi huziongeza, majibu yakaandikwa kwamba hakuna dalili ya maambukizi. Ilibaki apewe dawa ya maumivu arudi nyumbani. Bi. Tusekile akaipaka damu ileile kwenye kioo, akaona seli zilizobaki ni changa mno. Zilizokomaa zilikuwa zimeishia mguuni, na mwili sasa ulikuwa unatuma watoto. Akakimbilia wodini, yeye asiyekimbia kamwe. Daktari alipasua siku hiyohiyo, usaha ukajaa bakuli. Coleta analima hadi leo, kwa miguu yote miwili.

Majibu yale ya kwanza niliyaandika mimi, Vitus, ninayeandika wasifu huu. Nilikuwa na miaka kumi kazini na nilijiona bingwa. Bi. Tusekile aliyachana, akaniketisha kwenye darubini nizione mwenyewe zile seli changa, na hajamwambia mtu. Nimeona aibu miaka sita.

Ahsante, Mama. Wafanyakazi wote tunakutakia ustaafu wenye afya na furaha, na mimi zaidi ya wote.